Mama Asipomfurahia Mtoto Wake



Leo tumekuja na jambo ambalo watu hulisema chini chini tu. Linasemwa kisimani, linasemwa jikoni, lakini mbele ya mkutano watu hulinyamazia. Jambo lenyewe ni hili. Mwanamke amejifungua salama. Mtoto ni mzima. Ndugu wanapiga vigelegele. Lakini mama mwenyewe hana furaha. Mtoto analia, yeye anamtazama tu. Anamnyonyesha, lakini uso ameugeuzia ukutani. Watu wanaulizana, "Ana nini huyu? Mbona mwanawe hampendi?"

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu. Na jibu tunalitoa mapema, ili hata atakayesinzia kabla ya mwisho awe amelisikia. Mama huyo si mtu mbaya. Ni mgonjwa. Ugonjwa wake unatibika, na upendo kati yake na mtoto unaweza kujengwa. Lakini hawezi kuujenga peke yake. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Waliona kwamba elimu isiyotendewa kazi ni maneno matupu. Nasi leo tunaomba tufanye vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba safari hii hatuzungumzii choo wala mbu. Tunazungumzia moyo wa mama aliyejifungua.

HALI TATU ZA MAMA ALIYEJIFUNGUA

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu huyachanganya. Ziko hali 3.

Hali ya kwanza ni huzuni ya siku chache. Huanza yapata siku ya 3 baada ya kujifungua. Mama analia bila sababu, anakasirika upesi, kisha baada ya kitambo anacheka. Hali hii huwapata wanawake wengi sana. Haihitaji dawa. Inahitaji usingizi, chakula kizuri na maneno ya upole. Kwa kawaida wiki 2 hazipiti, imekwisha.

Hali ya pili ni sonona. Neno hili si geni kwetu. Kusonona ni kuumia moyoni kwa huzuni. Wataalamu wamelichukua neno hilo wakalifanya jina la ugonjwa. Sonona haiondoki kama ile huzuni ya kwanza. Inakaa wiki 2 na zaidi, na isipotibiwa yaweza kukaa miezi mingi. Yaweza kuanza hata wakati wa mimba, au mtoto akiwa na miezi kadhaa.

Mama mwenye sonona huwa hivi. Karibu kila siku ana huzuni, au haoni raha katika jambo lolote. Amechoka hata akipumzika. Usiku hapati usingizi ingawa mtoto amelala. Chakula hakimpiti kooni, au anakula kupita kiasi. Anajilaumu kwa kila jambo. Ana wasiwasi mkubwa, au hajali kitu. Husema moyoni, "Mimi si mama wa kufaa." Wengine hufika mahali pa kuona heri wafe.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, wanawake karibu 20 katika kila 100 hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, na ulio mkubwa kati ya hayo ni sonona. Haya, tupige hesabu. Ikiwa kijijini kwetu wanawake 50 wamejifungua mwaka huu, basi yapata 10 wamo katika taabu hii. Je, tunawajua? Pengine hatumjui hata mmoja, kwa sababu wao wananyamaza na sisi hatuulizi.

Hali ya tatu ni kichaa cha uzazi. Hii ni adimu. Humpata mwanamke 1 au 2 tu katika kila 1,000 waliojifungua. Mara nyingi huanza ghafla katika wiki 2 za mwanzo. Mama halali kabisa, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaona vitu visivyopo, au anaamini mambo ya ajabu juu ya mtoto. Hali hii ni ya hatari. Hapana kungoja kesho. Apelekwe hospitali siku ileile, na asiachwe peke yake na mtoto.

Mazungumzo yetu ya leo zaidi ni juu ya hali ya pili, yaani sonona.

UGONJWA HUU UNATOKA WAPI

Sababu yake si moja. Mwanamke akijifungua, zile homoni zilizokuwa nyingi mwilini wakati wa mimba hushuka kwa ghafla. Usingizi unakatika kila usiku. Pengine alitokwa na damu nyingi, amepungukiwa damu, hana nguvu. Huo ni upande wa mwili.

Kuna na upande wa maisha. Huenda aliwahi kuugua sonona zamani. Huenda alifiwa na mtoto aliyetangulia. Huenda mimba hakuitaka. Huenda mume anampiga, au amemwacha. Huenda fedha hakuna na deni lipo. Au wako watu wengi nyumbani, lakini wa kumpokea kazi hakuna. Mzigo ukizidi, hata punda hulala chini.

Basi angalieni. Katika sababu zote hizo, hakuna hata moja inayosema kwamba mama huyu ana roho mbaya.

UPENDO WA MAMA NA MTOTO HUJENGWAJE

Watu wengi tunadhani upendo wa mama unakuja wenyewe, siku ileile, kama maziwa yanavyokuja. Kwa wengine huja hivyo. Kwa wengine, hata wasio wagonjwa, huja polepole kwa siku na wiki. Wote ni mama wazuri.

Upendo huu hujengwa kwa mambo madogo madogo yanayorudiwa kila siku. Mtoto akizaliwa, sauti ya mama yake anaijua, maana aliisikia tumboni. Macho yake hayaoni mbali. Huona vizuri kitu kilicho karibu, kama umbali wa kutoka kwenye titi mpaka kwenye uso wa mama. Kwa hiyo akinyonya, kitu anachokiona ni uso wa mama. Anausoma uso huo kama sisi tulivyosoma a, e, i, o, u.

Akifika yapata wiki 6 huanza kumtabasamia anayemtabasamia. Hapo yanaanza mazungumzo. Mtoto anasema "aguu", mama anajibu "aguu, baba!" Mtoto anarusha mguu, mama anacheka. Mtoto analia, mama anamchukua. Mtoto anapokea, naye anarudisha. Kwa njia hiyo anajifunza kwamba akiita anaitikiwa. Huo ndio msingi wa kuamini watu. Na ubongo wake unakua kwa mazungumzo hayohayo, kama mwili unavyokua kwa maziwa.

Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Tronick, na wenzake walieleza jaribio walilofanya. Walimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga kama kawaida. Kisha wakamwomba akae mbele yake dakika chache, uso ameutuliza kama sanamu, asicheke wala asiseme. Mtoto alifanya nini? Kwanza alimchekea mama. Mama kimya. Mtoto akajaribu tena, akaita, akanyoosha mikono. Mama kimya. Mwishowe mtoto akageuza uso pembeni, akanywea.

Dakika chache tu, jamani! Tena yule mama alikuwa mzima, na baadaye alicheza naye tena, mtoto akachangamka. Sasa fikirini mtoto ambaye uso wa mama yake umetulia hivyo siku nyingi, kwa sababu ya ugonjwa.

SONONA INAPOINGIA KATI

Tuchukue mfano. Mama tunayemsema tumemtunga, si wa kijiji hiki wala cha jirani.

Mama huyu ana mtoto wa wiki 8. Asubuhi mtoto anaamka, anatabasamu. Mama anaona tabasamu hilo, lakini ni kama analiona ng'ambo ya mto. Halimfikii. Anajua kwamba yafaa acheke, lakini uso hautii. Mtoto anajaribu tena, kisha anageuza kichwa. Mama anaona kichwa kimegeuka. Anasema moyoni, "Hata mtoto hanitaki." Huzuni inaongezeka. Kesho anamtazama mtoto kidogo zaidi kuliko jana. Mtoto naye anaita kidogo zaidi kuliko jana, au analia mchana kutwa. Akilia sana mama anachoka zaidi, pengine anamshika kwa ukali, halafu anajuta na kujilaumu.

Mnaona mzunguko huo? Ugonjwa unamfanya mama amkwepe mtoto. Mtoto anamkwepa mama. Na kule kukwepana kunaulisha ugonjwa. Ni kama moto na upepo.

Na mwili wa mtoto nao huingia hatarini. Baadhi ya akina mama wenye sonona huacha kunyonyesha mapema. Baadhi hukosa nguvu za kwenda kliniki, tarehe ya chanjo inapita. Mtoto akiharisha, mama hana nguvu za kumhangaikia upesi. Ukitazama kadi yake ya kliniki, mstari wa uzito haupandi.

Lakini tusitishane. Si kila mama mwenye sonona hufikia hapo. Wengi hujikaza wakawalea watoto wao vizuri sana huku wanaumia. Na mama mwenye sonona mara nyingi anampenda mtoto wake. Upendo upo, ila ugonjwa umefunga mlango. Kazi yetu ni kuufungua mlango, siyo kumwambia mama kwamba ndani hamna kitu.

TUACHE MANENO YANAYOUMIZA

Mtoto asipokua vizuri, maneno ya kwetu tunayajua. Watu husema, "Amebemendwa." Maana yake wazazi hawakungoja, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, basi mtoto amedhoofika. Na anayenyooshewa kidole kwanza ni mama.

Tuseme kweli bila kumdharau mtu. Mtoto hadhoofiki kwa sababu wazazi wake wamelala pamoja. Hudhoofika kwa sababu hapati chakula cha kutosha, au ana ugonjwa, au anayemlea ni mgonjwa na hana msaada. Ukimwambia mama mwenye sonona kwamba amembemenda mtoto, umefanya nini? Alikuwa tayari anajilaumu, nawe umemthibitishia. Kesho hatatoka nje. Hatakwenda kliniki, maana ataona haya kumpandisha mtoto kwenye mizani mbele za watu. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kumlinda mtoto linamzuia mtoto asipate msaada.

Hata majirani zetu wana imani kama hiyo. Kwa Waganda wa Uganda, ugonjwa wa akili wa mwanamke aliyejifungua huitwa amakiro, na desturi iliuhusisha na uzinzi wakati wa mimba. Katika miaka ya 1970 daktari mmoja Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Cox, alifanya kazi Uganda. Aliwasikiliza wanawake wa huko, akaandika juu ya amakiro mwaka 1979. Alikuta kwamba nao wanaugua sonona ya uzazi kama wanawake wa Ulaya. Baadaye, mwaka 1987, yeye na wenzake walitoa orodha ya maswali 10 mafupi ya kumwuliza mama juu ya moyo wake katika siku 7 zilizopita. Je, ameweza kucheka? Je, anajilaumu bure? Je, anaogopa bila sababu? Maswali hayo yametafsiriwa katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo.

Ni ugonjwa wa binadamu. Hauchagui Mwafrika wala Mzungu, tajiri wala maskini, aliyesoma wala asiyesoma. Ila maskini asiye na msaidizi humwelemea zaidi.

KAZI YETU NYUMBANI

Sasa tuje kwenye vitendo.

Akina baba, tunaanza na ninyi. Msiseme kwamba mambo ya uzazi ni ya wanawake. Kuteka maji siyo aibu. Kuokota kuni siyo aibu. Mtoto akishanyonya usiku, mpokee, mbeleze, ili mama apate usingizi wa saa chache mfululizo. Usingizi huo ni sehemu ya dawa. Na ngumi ikome. Mwanamke anayepigwa hawezi kupona huku anapigwa.

Akina mama wakwe, mawifi na mabibi, mila zetu zina mambo mazuri. Kwa desturi mama aliyejifungua hukaa siku 40 akipumzika. Pwani anapewa uji wa pilipili manga. Kule Kilimanjaro anapikiwa mtori. Mambo hayo tuyashike. Lakini tukumbuke jambo moja. Mara nyingine tunamwonea huruma mama mwenye huzuni, tunamchukua mtoto moja kwa moja. Tunasema, "Wewe pumzika tu, mtoto niachie." Siku nzima mama hamwoni mwanawe ila kwa kumnyonyesha. Hapo tumempunguzia kazi, lakini tumempunguzia na nafasi ya kujuana na mtoto.

Njia iliyo bora ni hii. Chukua kazi, usimchukue mtoto moja kwa moja. Pika wewe, fua wewe, kisha keti kando ya mama na mtoto. Mtoto akiwa ameshiba na ametulia, mrudishie mama kwa dakika chache. Alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mama amwogeshe polepole na kumpaka mafuta wewe ukiwa karibu. Mwonyeshe mambo. "Tazama, akisikia sauti yako anageuka." "Ona anavyokishika kidole chako." Mama mwenye sonona hayaoni hayo. Akionyeshwa, anaanza kuyaona. Leo dakika 5, kesho 10. Akichoka mpokee, usimlaumu.

Na tumsikilize. Usimwambie, "Mshukuru Mungu, wenzako hawana watoto." Hilo hulifunga domo lake. Usimwambie, "Jikaze." Amejikaza mpaka amekwisha. Mwulize, "Wifi, mtoto tumemwona. Wewe je, unalala? Moyoni unajisikiaje?" Kisha nyamaza, umngoje ajibu. Akilia, mwache alie.

WAKATI WA KWENDA ZAHANATI

Hali ikizidi wiki 2, mama aende zahanati, asiende peke yake. Mume au ndugu amsindikize. Amwambie mganga au muuguzi wazi, "Tangu nijifungue sina raha, silali, na mtoto simfurahii." Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama na mtoto waonwe na mhudumu wa afya angalau mara 4 katika wiki 6 za kwanza, na mama aulizwe pia juu ya hali ya moyo wake. Basi usipoulizwa, sema mwenyewe. Mganga ataangalia pia kama damu imepungua au kama kuna ugonjwa mwingine mwilini. Ikiwa zahanati haina mtu aliyesomea kazi hii, omba barua ya rufaa uende kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Watu wengine wakisikia "ugonjwa wa akili" wanafikiri Mirembe kule Dodoma. La. Wengi wenye sonona hutibiwa huku wakikaa nyumbani kwao. Wengi husaidiwa kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa. Wengine hupewa na vidonge. Ziko dawa ambazo mama anayenyonyesha aweza kuzitumia. Mganga ndiye anayechagua, siyo mwenye duka. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, kwa hiyo mama asiziache ghafla kabla ya kuzungumza na mganga.

Mama akisema anataka kufa, au anaona mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, tusimgombeze wala tusidhani anatania. Kumwuliza wazi hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitoa. Asiachwe peke yake. Dawa za pamba, dawa za panya na visu vitolewe nyumbani. Apelekwe siku hiyohiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

WENGINE WAMEFANYA NA IMEFAA

Pengine mtu atauliza, "Sisi watu wa kijijini, tusio waganga, tutaweza nini?" Tutatoa mifano 2.

Mfano wa kwanza ni wa vijiji vya Rawalpindi, nchini Pakistan. Wanawake wenye sonona walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa vijijini, tangu mwezi wa mwisho wa mimba na kuendelea baada ya kujifungua. Kundi moja la wahudumu lilifundishwa namna ya kuzungumza na mama juu ya mawazo yake, juu ya mtoto, na juu ya watu wanaomzunguka. Kundi la pili halikufundishwa hivyo, lakini lilitembelea mara sawasawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, katika kundi la kwanza akina mama 23 katika kila 100 walikuwa bado wana sonona. Katika kundi la pili walikuwa 53 katika kila 100. Mnaona? Kutembelea ni kuzuri, lakini namna ya kuzungumza ndiyo iliyoponya wengi.

Mfano wa pili ni wa Khayelitsha, mji wa watu maskini kando ya Cape Town, Afrika Kusini. Huko sonona ya uzazi ilikuwa imewapata wanawake wengi. Wajawazito 449 waligawanywa makundi 2. Kundi moja lilitembelewa nyumbani na wanawake wa palepale, wasio wauguzi, ila wamefundishwa kazi. Waliwatembelea mara 16, hadi mtoto alipofika miezi 6. Walikaa na mama, wakamwonyesha mtoto wake anavyotazama, anavyosikia na anavyoita. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Watoto walipofika miezi 18 walitazamwa. Je, mtoto akiogopa anamkimbilia mama yake? Akibembelezwa, anatulia na kurudi kucheza? Katika kundi lililotembelewa, 74 katika kila 100 walifanya hivyo. Katika lile lingine, 63 katika kila 100.

Watoto hao 11 zaidi katika kila 100 hawakupatikana kwa mashine wala kwa majengo makubwa. Walipatikana kwa mwanamke mmoja kuketi na mwanamke mwenzake mkekani, wakamtazama mtoto pamoja.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu, desturi yetu ni kwenda kutoa hongera. Tunabeba sabuni, sukari, khanga. Tukifika tunamfunua mtoto, tunasema kafanana na baba, tunauliza jina, tunaondoka. Mama hatukumwuliza neno.

Tunaomba jambo moja tu. Kuanzia wiki hii, ukienda kutoa hongera, anza na mama. Mtazame uso wake kabla ya uso wa mtoto. Mwulize anavyolala na anavyojisikia, kisha mpokee kazi moja, hata kama ni ndoo moja ya maji. Baada ya wiki 2 rudi tena. Ukimkuta vilevile, msindikize zahanati.

Na wewe mama unayesoma maneno haya, pengine mtoto yuko mapajani na moyo wako ni mzito. Kumbuka kwamba wewe si wa kwanza wala si wa peke yako. Hujashindwa kuwa mama. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo. Tena uso wako, hata ukiwa na huzuni, ndio uso ambao mtoto huyo anautafuta.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Huzuni ya siku chache na sonona zinatofautianaje?
2. Kwa nini mtoto hugeuza uso mama asipomjibu? Na mama akiona hivyo hufikiri nini?
3. Neno "kubemenda" hutumikaje hapa kijijini? Linamsaidia nani, na linamuumiza nani?
4. Andikeni kazi 5 ambazo baba anaweza kumpokea mama aliyejifungua.
5. Kutoka hapa kwetu hadi zahanati ni mwendo gani? Mama mgonjwa akihitaji kupelekwa usiku, tutampelekaje? Kubalianeni leo, msingoje ajali.